Rimu Nyepesi, Siri Nzito

Naomba nianze kwa kukiri, mpenzi msomaji. Mimi nina wake wawili. Mmoja nilimuoa kanisani, Arusha, mwaka 2021, picha zipo na keki ililiwa. Mwingine ni Toyota Celica ya mwaka 1995, nyekundu, milango miwili, ambayo nilikuwa nayo miaka minne kabla ya harusi.

Usicheke. Kwa kijana aliyekulia Afrika Mashariki miaka ya tisini, Celica si gari hivi hivi. Ndiyo iliyobeba ushindi wa mbio za Safari Rally kule Kenya mwaka 1992, 1993, 1994 na 1995, na ule wa 1994 aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Ya kwangu si ile ya turbo inayovuta magurudumu yote manne. Ni ndugu yake wa mjini, inavuta ya mbele tu. Lakini ukiwa umekaa ndani, nani atakuambia?

Mwenyewe wa kwanza aliifunga rimu za inchi 17, zinang'aa kama sinia la harusi, na tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Kupiga misele Njiro siku ya Jumapili, bab kubwa! Mke wangu aliziita "hereni za mke mwenzangu". Mimi nilicheka. Yeye hakuwa akicheka sana.

Juni 2024 tulitakiwa kwenda kwa wakwe zangu Haydom, wilayani Mbulu. Mke wangu akasema twende na basi, anaijua barabara ya kwao. Mimi nikasema nitaendaje kwa wakwe na basi wakati gari lipo? Tukabishana siku mbili. Nikashinda. Yaani, nilidhani nimeshinda.

LAMI INAPOKUAGA

Arusha hadi Karatu mambo yalikuwa shwari. Makuyuni unakunja kulia, Mto wa Mbu unanunua ndizi zile nyekundu, halafu gari linaupanda ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini, mkono wa kushoto, limetulia kama kioo. Mke wangu alikuwa ameweka miguu juu ya dashibodi, anaimba. Nikajisemea, haya ndiyo maisha.

Karatu tukaiacha lami na kukunja kushoto kuelekea Mbulu. Siku ile tuliyopita ilikuwa vumbi, mawe na makorongo madogo yaliyochimbwa na mvua za masika. Lakini nchi yenyewe, acha! Ni milima inayopokezana, mashamba ya mahindi na ngano yamepangwa kama viraka vya nguo, mikaratusi imesimama kwa mistari, na watoto wanachunga ng'ombe huku wamejifunga mashuka kwa baridi. Hii ni nchi ya Wairaqw, watu ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Ukiwasikia wakisalimiana dukani, hata ujue Kibantu cha aina gani, hutoki na neno.

Nilikuwa natambaa kilomita 30 kwa saa. Daladala zinanipita, bodaboda zenye magunia zinanipita, mzee mwenye baiskeli alikaribia kunipita. Kisha tukaingia kwenye shimo lililojificha nyuma ya kilima. Puu! Usukani ukavuta kushoto, gari likakaa upande.

Nilidhani ni pancha. Nilipoinama nikaona rimu yenyewe imepasuka, ufa mrefu kwa upande wa ndani, unaweza kuingiza shilingi mia. Tukafunga spea, ile ndogo nyembamba ya dharura, tukaingia Mbulu mjini jua likizama. Mke wangu hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

SOMO LA GAMBUTI

Fundi tairi tuliyempata alikuwa kijana mpole, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Mke wangu akamsalimu Kiiraqw, wakacheka, nami nikabaki nimetoa macho. Akaivua tairi, akaigeuza rimu, akakwangua kwa bisibisi.

"Bosi, hii imewahi kuchomelewa."

Kweli. Chini ya ile rangi ya kung'aa kulikuwa na mstari wa welding, na ufa mpya ulikuwa umepita pembeni yake tu. Akatueleza: rimu ya aloi hupata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu. Ukiichomelea gereji, ule moto unaharibu ugumu wa sehemu inayozunguka mshono. Kwa macho imepona, ila ndani ni dhaifu. Ya chuma cha kawaida ingepinda, angeipiga nyundo tukaondoka. Ya aloi haina mazungumzo, inapasuka.

Mke wangu akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuulizwa naye kwa miaka yote. "Sasa mbona watu wanatafuta rimu nyepesi? Si gari zima ni tani na zaidi? Kilo mbili tatu zinasaidia nini?"

"Shemeji," fundi akamjibu, "ukibebeshwa kilo mbili mgongoni unatembea mpaka Dongobesh. Nikizifunga miguuni, je? Utakimbia na gambuti?"

Hapo alimpata, maana Mbulu hawahitaji kufundishwa habari za kukimbia. Ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, yule wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, aliyeanguka akaumia, akafungwa bandeji, akachechemea hadi mwisho wakati wenzake walishamaliza zamani. Na jirani, Hanang, ndiko kwao Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978.

Fundi akaendelea. Bodi ya gari imekaa juu ya springi, lakini gurudumu halina kinachoilalia barabara badala yake. Kila jiwe linalirusha juu, na shokapu ndiyo inahangaika kulirudisha chini. Gurudumu likiwa zito, shokapu inachelewa, tairi inaelea hewani, usukani unacheza. Na bado injini ina kazi ya kulizungusha na breki ina kazi ya kulisimamisha. Kwa hiyo kilo ya gurudumuni si sawa na kilo ya butini hata kidogo.

"Zako ni nzito, na tairi haina nyama," akasema. Tairi yangu ilikuwa 205/40 ya inchi 17. Maana yake ukuta wa mpira ni asilimia 40 ya milimita 205, yaani milimita 82 tu kati ya rimu na jiwe. "Rudi inchi 15. Gari yako nati tano, duara la milimita 100, tundu la kati 54.1. Sawasawa na Toyota Wish. Katesh kuna mama ana Wish iliyokufa, rimu zake za aloi nzima. Nampigia sasa hivi."

Mke wangu akafurahi. "Basi tutoe kwenye akiba ya kiwanja, tutairudisha mwisho wa mwezi." Akatoa simu.

Mpenzi msomaji, umewahi kuona mtu anatazama simu halafu uso unabadilika taratibu, kama taa inayokatika kwa mgao?

"Akiba yetu imepungua laki nane," akasema. Kwa sauti ya chini kabisa.

USIKU WA MBULU

Mbulu ni baridi. Gesti walitupa mablanketi matatu na bado niliisikia mifupa. Lakini baridi ya kitanda kile haikutoka dirishani.

Nilimwambia yote. Kwamba tangu Januari nilikuwa natafuta rimu nyepesi za Celica. Kwamba kuna dalali mmoja Dar aliyeniahidi seti ya rimu za kufuliwa kutoka Japani, zile ambazo alminiamu inagandamizwa kwa nguvu kubwa badala ya kumiminwa tu kwenye kalibu, hivyo inakuwa imara hata ikiwa nyembamba. Kila moja haifiki kilo sita. Bei milioni mbili na laki nne. Kwamba nilishatanguliza laki nane, na nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia.

"Siku nzuri ni ipi?" akauliza.

Sikuwa na jibu.

"Ungeniambia, ulifikiri ningekukatalia?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana ulitakiwa uniambie."

Akageukia ukutani. Nikalala nikihesabu mbwa wanaobweka.

CHINI YA MLIMA HANANG

Asubuhi tuliiacha Celica kwa fundi juu ya mawe, tukapanda Kosta. Mbulu, Dongobesh, kisha Bashnet, halafu barabara inauteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Dareda, mteremko wa kukufanya ukumbuke sala zote za utotoni. Dareda tukapata lami ya Babati kwenda Singida, tukabadili gari. Tulikaa kiti kimoja, hatukuongea. Kuku wa abiria wa mbele aliongea kuliko sisi.

Ukivuka Endasak, Mlima Hanang unajaza kioo chote. Mita 3,417, peke yake, hauna jirani, unainuka kutoka uwanda kama mtu aliyesimama kanisani wakati wengine wameketi. Pembeni ya barabara Wabarbaig walikuwa wanaswaga ng'ombe, mashuka yao yakipepea. Nikataka kupiga picha. Kisha nikaona ile mistari ya udongo mtupu inayoshuka kutoka juu kama makovu, nikaishusha simu.

Unakumbuka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huu iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikafuata mikondo ya maji hadi Gendabi, Jorodom na Katesh mjini. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wengi wetu tuliona kwenye televisheni, tukasikitika, tukahamia habari nyingine. Katesh hawakuhama. Miezi sita baadaye bado uliona ukutani mstari wa kahawia unaoonyesha tope lilifika wapi.

Mama wa ile Wish alitupokea kwa chai ya maziwa kabla ya biashara yoyote. Gari lilikuwa uani, au niseme lilichobaki. Yeye na mumewe walilinunua wakalifanya la abiria, Katesh na Babati. Siku ile lilikuwa limeegeshwa barazani kwa ndugu yao, tope likaingia mpaka madirishani. Watu wa nyumba ile walipona. Wa nyumba ya pili hawakupona wote. Alisema hivyo, akanyamaza kidogo, akatuongeza chai.

"Injini ilikufa, bima haikuwa ya kulipa mambo hayo. Nauza kipande kipande, mwanangu. Milango imeenda Singida, taa zimeenda Babati. Miguu ndiyo imebaki."

Rimu nne alikuwa ameziosha zikawa safi, ziko stoo zimepangwa, tairi zake 195/65 bado zina meno, na nati zote 20 kwenye kopo la maziwa. Nilizigeuza moja moja upande wa ndani, nikapitisha kidole kwenye kingo, nikazigongagonga na spana. Zililia ngii, sauti safi, hakuna ufa, hakuna mshono. Hazing'ai. Hakuna mtu Njiro atakayegeuza shingo.

"Laki tatu na nusu," mama akasema.

Nikafungua mdomo nishushe bei, ndivyo tulivyozoea. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikafunga mdomo. Tukalipa laki tatu na nusu.

Mama akaenda ndani akarudi na daftari la shule, kava limefungwa kwa nailoni. Humo waliandika kila shilingi ya gari lile: mafuta, faini, matengenezo, mapato. Ukurasa mmoja una miandiko miwili, wa kwake uliolala na wa mumewe ulio wima. Akaandika, "Rimu nne, 350,000." Akamwita mumewe kutoka nje, mzee akasoma, akaweka sahihi yake ndogo pembeni.

"Hata sasa ambapo gari halipo?" mke wangu akauliza.

"Gari ndilo halipo," mama akasema. "Sisi tupo."

Mke wangu alilitazama lile daftari muda mrefu. Kisha kwa mara ya kwanza tangu jana yake, alinitazama mimi.

MIZANI YA VITUNGUU SAUMU

Tulirudi Mbulu na rimu juu ya keria. Mbulu ni maarufu kwa kitunguu saumu, na jirani na gereji kulikuwa na mnunuzi mwenye mizani ya kuning'iniza. Fundi akasema tupime, tuache maneno. Rimu yangu ya sinia pamoja na tairi: kilo 20. Ya Wish pamoja na tairi: kilo 15 na nusu. Tofauti ni kilo nne na nusu kwa kila mguu, mara nne ni kilo 18. Debe zima la mahindi, nimelizungusha miaka saba mjini kwa ajili ya kung'aa! Wauza vitunguu walicheka mpaka nikacheka nao.

Na tairi ile 195/65 ina ukuta wa karibu milimita 127. Nyama imeongezeka milimita 45, na gari limenyanyuka kama sentimita mbili kutoka chini.

Kama nawe una gari la zamani la namna hii, chukua haya niliyolipia kwa aibu:

Kwanza, jua vipimo vyako kabla ya kupenda sura. Idadi ya nati, duara lake, tundu la kati, na kina cha rimu. Celica hii ni 5 kwa 100, na rimu za Wish zina kina cha milimita 45. Subaru Impreza nyingi nazo ni 5 kwa 100, lakini tundu lao la kati ni 56.1 na hukaa ndani zaidi, kwa hiyo zinahitaji pete ya katikati na vipimo vya uangalifu.

Pili, nunua rimu na nati zake. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, si zile zenye ncha ya koni. Ukichanganya, rimu haikai vizuri na nati hulegea njiani.

Tatu, geuza usukani mwisho wa pande zote na uangalie nyuma ya tairi kama kuna nafasi mpaka kwenye shokapu. Na tairi likiwa kubwa kuliko la kiwandani, dashibodi inadanganya. Kwangu ikisoma 80, mwendo halisi ni kama 84.

Nne, mwambie mwenzako bei.

HAYDOM

Barabara ya Haydom aliendesha yeye. Sikumwomba, alinyoosha mkono nikampa ufunguo. Dakika kumi za mwanzo alikuwa ameng'ang'ania usukani, kisha nikaona mabega yanashuka. Gari lililokuwa linaruka kama mbuzi sasa lilikuwa linakanyaga na kuachia, linakanyaga na kuachia.

"Kumbe," akasema.

Neno moja tu, lakini kwa mtu aliyepima kilo 18 na kusubiri siku mbili, lilitosha.

Njiani nikampigia dalali nikiwa nimeweka spika, naye asikie. Nikavunja oda. Dalali akalalamika, akapandisha, akashuka, mwisho akakubali kurudisha laki sita, laki mbili akasema ni usumbufu. Laki mbili zile nimezilipa kwa makato ya mshahara wangu, zimeandikwa kwenye daftari tulilonunua Haydom siku ile ile, dukani karibu na hospitali. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu: "Laki nane, nilichukua bila kumwambia." Chini yake mwandiko wa kwake: "Nimeona." Na sahihi.

Mzee mkwe alitupokea kwa fimbo yake na koti zito. "Shikamoo, baba." "Marahaba, karibuni." Akalizunguka gari mara moja, akainama, akaligusa gurudumu kwa ncha ya fimbo.

"Hizi si za Wish?"

"Ndizo, baba."

"Mmefanya vizuri," akasema. "Zile za kwenye picha za harusi ziliniogopesha."